Baba Ameruhusu, Mama Amekataa

Askari hufundishwa mambo mengi chuoni. Hufundishwa kutunza silaha, kusoma ramani, kusimama lindo usiku wa mvua bila kusinzia, na kutii amri kabla ya kuuliza sababu yake. Lakini hakuna chuo kilichopata kumfundisha namna ya kumvisha viatu mtoto wa miaka mitatu aliyekwisha kuamua kwamba leo havai viatu. Afande ambaye kwa sauti moja hukisimamisha kikosi kizima, hujikuta amepiga magoti mlangoni kwake asubuhi, jasho likimtoka, kiatu kimoja mkononi na cha pili hakijulikani kilipo.

Wasomaji wetu, na hasa akina mama wa kambini, wanayajua mambo haya kuliko mwandishi wa ukurasa huu. Si maradhi wala njaa wala msiba. Ni kero ndogo ndogo ambazo mtu huona haya hata kuzitaja mbele ya wenzake: kelele, kalamu iliyopotea, uji uliomwagika juu ya sare iliyopigwa pasi, swali moja linaloulizwa mara kumi. Hata hivyo, kero hizi ndizo zinazompandisha mzazi sauti kila siku, na mara nyingi ndizo zinazowagombanisha mume na mke. Katika nyumba za watu wenye kazi kama zetu, nyingi kati yake huzidishwa na jambo moja, nalo ni kwamba mzazi mmoja yuko nyumbani na mwingine yuko mbali.

Tuanze na nyumba yenyewe. Nchini Uganda, askari polisi wengi wamelea watoto wao katika vile vibanda vya bati ambavyo watu walivipa jina la "mama ingia pole", kwa kuwa mlango wake ni mfupi na kila aingiaye hana budi kuinama. Ndani ni chumba kimoja. Pazia limetundikwa katikati. Upande huu ni kitanda cha wazazi, upande ule ni godoro la watoto, sufuria, ndoo ya maji na masanduku ya nguo. Jua likipanda, bati huwaka. Sasa baba amerudi alfajiri kutoka kwenye zamu ya usiku naye anataka kulala mchana. Mtoto wa miaka minne hajui zamu ni nini. Anajua tu kwamba baba yuko nyumbani, na baba akiwa nyumbani ni furaha, na furaha ni kurukaruka juu ya kitanda.

Mama hana njia nyingine ila kuwatoa watoto nje. Na nje kuna watoto wa nyumba ishirini, wametoka katika makabila yote ya nchi, na kila mmoja ana la kumfundisha mwenzake. Mambo mengine ni mema sana, maana ni wachache wajifunzao Kiswahili upesi kama mtoto wa kambini. Lakini baada ya mama kufundisha adabu mwezi mzima, mtoto hurudi saa sita mchana akiwa na neno moja tu lililotoka kantini, akalisema mbele ya mgeni, tena kwa matamshi safi kabisa.

Kisha kuna shule. Serikali ya Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, karo iliondolewa katika shule za serikali zilizomo katika mpango huo, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana viliendelea kuwa mzigo wa mzazi. Anayempeleka mtoto shule ya bweni anaijua karatasi ya mahitaji: sanduku la bati na kufuli lake, godoro, beseni, rimu za karatasi, karatasi za msalani, sabuni, sukari, mafagio. Mafagio hayo yamewahi kumshangaza mzazi mmoja, aliyeuliza shule inafanyia nini mafagio mia saba kila muhula. Hakujibiwa. Lakini karatasi hiyo angalau huja mapema. Linaloudhi zaidi ni lile la mtoto wa kutwa, ambaye amekaa kimya tangu saa tisa alasiri, akala, akaoga, akaingia kitandani, na taa inapozimwa ndipo anapokumbuka: "Mama, mwalimu amesema kesho kila mtu aje na ufagio." Duka limefungwa. Atakayetoka gizani kwenda kugonga kwa jirani ni mama.

Liko jambo jingine la shule ambalo raia wengi hawalifahamu, na ambalo linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko mafagio. Tangu mtaala mpya wa madarasa ya chini ulipoanza mwaka 2007, shule nyingi za Uganda, hasa zilizo nje ya miji mikubwa, hufundisha darasa la kwanza hadi la tatu kwa lugha ya mahali pale, kisha hugeuka na kufundisha kwa Kiingereza. Mpango huo ni mwema kwa mtoto akaaye mahali pamoja. Lakini mtoto wa askari huenda akaanza kusoma kwa Kiacholi huko Gulu, na kabla hajamaliza darasa la pili, baba akapata uhamisho wa Mbarara, ambako darasa zima linaimba na kuhesabu kwa Kinyankole. Nyumbani watu huzungumza Kiswahili. Mtoto huyo akirudi na alama mbaya, wazazi humwita mzito, na mama hukasirishwa na kila kazi ya nyumbani anayoshindwa kumsaidia, kwa sababu hata yeye haielewi lugha iliyoandikiwa. Hapa kuna kosa dogo la mzazi na ugumu mkubwa wa mtoto. Ni vyema mzazi aende shuleni wiki ya kwanza, amweleze mwalimu alikotoka mtoto na lugha aliyosomea. Wapo walimu ambao hawangejua kamwe bila ya kuambiwa.

Na sasa simu. Shule za Uganda zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO, hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022, ila katikati kulikuwa na vipindi ambapo baadhi ya madarasa yaliitwa. Karibu miaka miwili! Masomo yalipitia redioni, katika televisheni na katika karatasi zilizochapishwa, na penye uwezo yalipitia simu ya mzazi. Hivyo simu ikaingia mkononi mwa mtoto kwa jina la elimu. Shule zikafunguliwa, simu isirudi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo cha simu au televisheni zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele yake kabisa. Ushauri ni mzuri. Lakini mama aliye peke yake, posho iko jikoni, mdogo analia mgongoni na nguo zinanyeshewa kwenye kamba, humpa mtoto simu ili apate dakika kumi. Hatutamlaumu. Ugomvi hauanzi pale anapompa. Huanza pale anapotaka kuichukua.

Katika nyumba ya askari, tena, simu hiyohiyo ndiyo baba. Tangu mwezi wa Machi 2007, Uganda ilipopeleka askari wake wa kwanza Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika, kuna watoto waliojifunza kumwita baba kwa kukitazama kioo. Tulisimuliwa habari ya mtoto wa kike wa miaka miwili ambaye baba yake alirejea baada ya mwaka mzima, akaingia ndani na begi lake begani. Mtoto alimtazama mgeni huyo, akaenda kuichukua simu kitandani, akamletea mama yake ili ampigie baba. Baba aliketi juu ya begi asiseme neno kwa muda.

Mtoto huyo ni mdogo. Aliye na miaka tisa au kumi, yeye amekwisha kujua njia. Anataka kwenda safari ya shule ambayo mama ameikataa kwa kuwa fedha haipo. Anangoja siku ya Jumapili, baba akipiga simu anatoka nayo nje, anasema kwa sauti ya chini, na baada ya dakika tatu anarudi akiwa ameinua kichwa: "Baba ameruhusu." Baba hakufanya hivyo kwa ubaya. Yuko mbali, amemkumbuka mwanawe, na neno "ndiyo" ndilo zawadi pekee anayoweza kuifikisha jioni ile. Lakini atakayetafuta fedha ni mama, na atakayeonekana mkatili asipoipata ni mama huyohuyo. Wiki inayofuata itakuwa viatu vipya, na inayofuata itakuwa ruhusa ya kulala kwa rafiki. Tena mambo huweza kwenda kinyume chake: mama amechoka, anamwambia mtoto, "Subiri, baba yako atakaporudi atakuona." Hivyo mtu ambaye mtoto anapaswa kumngoja kwa hamu amegeuzwa kuwa mahakama.

Halafu baba anakuja likizo. Ana siku kumi na nne, na katika siku hizo anataka kusahihisha mambo ya mwaka mzima. Siku ya kwanza zawadi, siku ya pili amri. Televisheni izimwe saa moja. Mtoto asijibu mzazi. Kitanda kitandikwe kama cha kambini. Anatoa amri, na mtoto, kabla hajatii, anamtazama mama yake. Jicho hilo huwaumiza wanaume wengi kuliko wanavyokubali kusema, na baadhi yao hulijibu kwa fimbo. Sheria ya Watoto ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2016, imekataza viboko shuleni. Nyumbani mzazi huachiwa zaidi dhamiri yake mwenyewe. Kwa maoni yetu, fimbo ya baba mwenye likizo haimfundishi mtoto chochote ila kuhesabu siku zilizobaki. Mtoto hakuidharau amri. Alitazama kumwona yule aliyezoea kumtii, kama kuruta anavyomtazama koplo wake anapoamrishwa na ofisa asiyemjua. Askari anapaswa kulielewa jambo hilo upesi kuliko mtu mwingine yeyote.

Ziko nyumba ambazo zimelipatia dawa, nayo ni rahisi hata mtu huweza kuidharau. Katika nyumba moja ya sajini, mume na mke huzungumza kwanza wao wawili, dakika tano, kabla simu haijapewa watoto. Mama humweleza mumewe lililoombwa na lililokataliwa wiki ile, na kama hawakubaliani, hulimaliza palepale au huliacha hadi Jumapili nyingine. Mtoto akiomba jambo, swali la kwanza la baba ni: "Mama amesemaje?" Mtoto wao mkubwa alijaribu njia ya zamani mara mbili au tatu, kisha akaiacha kwa kuwa haikuwa na faida.

Sajini huyo alibadili na mazungumzo yenyewe. Hapo mwanzo, mke wake alisema, simu zake zilikuwa kama ukaguzi: umesoma, umepata ngapi, unamsumbua mama yako? Watoto walijibu "ndiyo" na "hapana" wakatafuta mahali pa kukimbilia. Siku hizi anawauliza jedwali la kuzidisha, naye makusudi hukosea moja ili wamsahihishe. Mtoto wa darasa la nne humsomea ukurasa mmoja wa kitabu chake cha Kiingereza. Kazi ya nyumbani haikuacha kuwa kero, lakini usiku mmoja katika wiki si kero ya mama peke yake. Na alipokuja likizo mara ya mwisho, alijizuia wiki nzima asitoe amri mpya. Aliwapeleka watoto shuleni kwa miguu, akaosha vyombo viwili vitatu, akajifunza ni nani anayeogopa giza na ni nani anayeficha maharagwe chini ya posho.

Tumesema "baba" kila mahali, na huenda dada zetu walio katika sare wanatusoma kwa kununa. Wana haki. Wapo wengi jeshini na katika polisi, na wao wakipelekwa kazini mbali, mtoto mara nyingi hubaki kwa bibi kijijini. Hapo kuna kero ya namna yake, kwa sababu bibi haambiwi. Dada mmoja wa polisi alimwandikia mama yake ratiba ya mtoto, saa ya kuamka, saa ya kusoma, saa ya kulala. Bibi aliitundika ukutani kwa heshima zote, na alipoulizwa kwenye simu kama inafuatwa, akajibu, "Mwanangu, wewe nilikulea kwa ratiba gani?" Walizungumza mara nyingi baada ya hapo. Mwishoni dada huyo aliacha mambo yote ya karatasi ile isipokuwa moja, kwamba daftari la shule lifunguliwe kabla ya televisheni kuwashwa. Bibi alilikubali hilo. Mtoto hulala saa apendazo bibi, na anakula sukari nyingi mno.