Makaburi ya Mhonda: kuwaombea au kuwaomba?

Tulipopanda Mhonda kufyeka makaburi ya misheni, mama mmoja aliyetuletea maji alituuliza: mjomba wake amemwita kusafisha makaburi ya ukoo mlimani, je, akienda ametenda dhambi? Sisi waseminari tulimjibu haraka mno. Hapa tunajaribu tena.

Mhonda, jirani na Turiani chini ya milima ya Nguru, ni kati ya misheni kongwe za Tanzania Bara. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, waliifungua mwaka 1877 pamoja na Wakristo waliokombolewa utumwani. Mtumwa alikuwa amenyang'anywa hata ukoo. Hakuwa na kaburi la babu la kufagia. Makaburi ya misheni ndiyo yaliyompa mahali pa kulala kati ya watu wake.

Wenyeji, Wanguu na Wazigua, walikuwa na makaburi yao tayari. Kwao ukoo hufuata upande wa mama, hivyo mjomba ana sauti kubwa katika tambiko: kufagia, kutaja majina, kumwaga pombe, kuomba mvua au afya. Wazee hao wanamjua Mulungu (tusiwaite wapagani kirahisi). Papa Paulo wa VI, katika barua yake Africae Terrarum ya mwaka 1967, aliandika kwa heshima juu ya mila za Afrika, ikiwemo nafasi ya wahenga katika familia.

Sasa mpaka uko wapi? Kufagia, kutaja majina na kula pamoja na ndugu havina kosa. Kuwaombea marehemu, Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinakusifu. Lakini tukimwaga pombe ili marehemu asikasirike akatuletea ugonjwa, tumemgeuza babu kuwa mdai, nasi tunalipa kwa hofu. Anayehitaji msaada pale ni yeye. Ndiyo maana kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu huwapatia rehema kamili roho za toharani, akiungama, akipokea Komunyo, akisali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuachana na dhambi zote.

Basi mama, nenda. Beba jembe na rozari. Pombe ikiletwa, mwambie mjomba kwa adabu: "Shikamoo mjomba, mimi nitawasalia," kisha uanze na majina anayoyataja yeye.