Ukuta na Paa: Ernst May Kutoka Meru

Katika mwaka wa 1934 Mjerumani aitwaye Ernst May, mchora ramani za majengo, alifika Tanganyika akanunua shamba karibu na Arusha, chini ya Mlima Meru. Huyu hakuwa mtu mdogo. Tangu 1925 hata 1930 alisimamia ujenzi wa mji wa Frankfurt, na humo zilijengwa nyumba zaidi ya 12,000 za mistari iliyonyoka, nyingi zenye mapaa tambarare. Kisha alikwenda Urusi kupanga miji mipya. Wanazi walipotwaa serikali mwaka 1933, yeye akiwa wa asili ya Kiyahudi hakuweza kurudi kwao. Ndipo akawa mkulima, na nyumba yake ya shambani akaichora mwenyewe.

Paa tambarare liliwashtua Wajerumani wengi, lakini kwa Waswahili si jambo geni. Neno sakafu laonyesha hayo: kwa watu wa pwani ni chokaa na kokoto zilizopondwa juu ya boriti, iwe chini pa kukanyaga au juu pa kufunika nyumba. Ila mvua huipenya, na kwa sababu hiyo nyumba nyingi za mawe huko Unguja ziliongezewa mapaa ya mabati. Mlimani mambo yalikuwa mengine kabisa. Msonge wa zamani wa Wachaga uliezekwa majani tangu kileleni mpaka karibu na ardhi, na maji yakateleza yote. Kiswahili kina ukuta wa mawe na kiambaza cha miti na udongo, na vyote viwili husimama chini ya paa. Katika msonge huo ukuta ndio paa.

May alihamia Nairobi mwaka 1937, akairudia kazi yake. Katika 1945 alibuni nyumba ya Waafrika ya vipande vya zege: mbavu zilizopinda kutoka ardhini hadi kileleni, na mabamba yaliyotundikwa juu yake kwa kulabu. Bingwa wa mistari iliyonyoka alikuwa amelifikia umbo la msonge! Lakini msonge hujengwa na jamaa na majirani kwa vitu vya shambani, bali huu wake ulihitaji kiwanda, wala wenye kuukaa hawakuuagiza. Haukuenea.

Jengo la KNCU huko Moshi, lililojengwa kati ya 1949 na 1952, lina habari nyingine. Hapo waliomwagiza kazi walikuwa wakulima wa kahawa, kwa chama chao cha ushirika kilichoanzishwa 1933, nao walijua walitakalo: mahali pa ofisi, maduka na malazi. Mwishoni mwa 1953 May alirudi Ujerumani.