Kufundisha Mgongano wa Njia kwa Kadi na Mizani

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha utunzi wa programu za kompyuta katika shule za msingi hana budi kuelewa kwanza kwamba makosa ya programu ni ya namna mbili. Liko kosa linalopiga kelele: programu husimama na onyo hutokea kwenye kioo. Liko pia kosa linalonyamaza: programu huendelea, jibu hutolewa, nalo si la kweli. Hili la pili ndilo gumu kufundisha. Makala haya yanashughulikia sehemu moja tu ya somo hilo, yaani mgongano wa njia pale dhima mbili zinapounganishwa katika kitu kimoja.

Tuanze na istilahi. Mtindo wa kutunga programu kwa kuzingatia vitu ulianzia Norway, katika lugha ya Simula 67 iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Programu ya mtindo huu si orodha ndefu ya amri, bali ni mkusanyiko wa vitu, na kila kitu kina habari zake pamoja na mambo kinayoweza kutenda. Jambo ambalo kitu kinaweza kutenda huitwa njia. (Neno hili lisichanganywe na njia za kufundishia, kwa hizo nitatumia neno mbinu.) Aina ni kielelezo ambacho vitu huundwa kwacho. Dhima, nayo, ni furushi la njia chache zinazohusiana. Haiwezi kuwa kitu peke yake, ila hutiwa ndani ya aina. Kanuni kuu za kuunganisha mafurushi ya namna hii zilielezwa mwaka 2003 na Nathanael Schärli, Stéphane Ducasse, Oscar Nierstrasz na Andrew Black, ingawa wao walitumia jina jingine.

Kwa mwanafunzi wa Kahama au Geita mfano hautafutwi mbali. Katika sehemu hizo si ajabu mtu mmoja kulima pamba wakati wa mvua na kuchimba dhahabu wakati wa kiangazi. Basi tuseme programu yetu ina dhima ya Mkulima, yenye njia tatu: lima, pima na kabidhi. Ina pia dhima ya Mchimbaji, yenye chimba, pima na uza. Neno pima limo katika dhima zote mbili, lakini maana zake haziko pamoja. Mkulima hupima kwa mizani ya chama cha ushirika, ambayo katika mfano wetu husoma kilo nzima nzima. Mchimbaji hupima kwa gramu, kama ifanyikavyo katika soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwaka 2019. (Bei ya dhahabu hutegemea pia usafi wake, katika somo hili tuuache usafi kando.)

Sasa tuunde aina iitwayo Mwanakijiji, tuitie dhima zote mbili, kisha tukiamuru kitu chake: pima. Kitafuata njia ipi?

Lugha za programu hazikubaliani. Python hufuata mpangilio: dhima iliyotajwa kwanza ndiyo isikilizwayo, na hakuna onyo lolote. PHP, iliyoingiza jambo hili katika toleo la 5.4 mwaka 2012, hukataa mpaka mtunzi aseme anachagua ipi. Java, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, nayo hukataa. Mkusanyiko wa Moose wa lugha ya Perl una tabia ya kustaajabisha: ukizitia dhima mbili kwa amri moja, mgongano hutangazwa, ukizitia kwa amri mbili, moja baada ya nyingine, iliyotangulia hushinda kimya kimya. Kwa maoni yangu mwanafunzi aanzishwe kwa kanuni ya kukataa. Akiisha kuizoea, ndipo aonyeshwe lugha zinazonyamaza, naye atazitazama kwa shaka inayostahili.

Kompyuta si lazima ziwepo. Mbinu ya kufundisha elimu ya kompyuta bila kompyuta ilienezwa tangu miaka ya 1990 na Tim Bell na wenzake huko New Zealand, nayo yatufaa sana. Zana ni karatasi za manila za rangi mbili, mizani ya kuning'inia yenye alama za kilo, na kokoto moja ndogo itakayokuwa dhahabu yetu. Kwa kuwa kokoto ni ya kuigiza tu, mwalimu aandike ubaoni kwamba uzito wake ni gramu 12.

Mwanafunzi mmoja avikwe kadi mbili kifuani, ya Mkulima ikiwa juu ya ile ya Mchimbaji. Mwalimu aamuru "Pima!" na mwanafunzi atii kadi ya juu: aitundike kokoto kwenye mizani. Mshale hautasogea, na darasa liandike sifuri. Kisha kadi zibadilishwe nafasi, amri irudiwe, na darasa liandike 12. Mwalimu asiharakishe kueleza. Awaulize wanafunzi ni nini kilichobadilika, wakati mtu ni yule yule, kokoto ni ile ile na amri ni ile ile. Watakapogundua kwamba ni mpangilio tu uliobadilika, watakuwa wamelishika jaribio la kwanza: geuza mpangilio wa dhima, na kama jibu linageuka, mgongano ulikuwamo tangu mwanzo.

Baada ya hapo iwekwe sheria: likionekana neno moja kwenye kadi mbili, darasa liseme "Mgongano!" na kazi isimame. Wanafunzi hupenda kupiga kelele, hivyo wataitumia sheria hii kupita kiasi. Tumia nafasi hiyo. Andika katika kadi zote mbili njia ya taja jina, iliyonakiliwa kutoka kadi moja ya Raia. Huo si mgongano, kwa sababu asili yake ni moja. Mto uliogawanyika na kukutana tena haujawa mito miwili.

Tunafika sasa mahali penye hatari zaidi, na nashauri nusu ya muda wa somo itumike hapa. Darasa limeamua kusuluhisha: Mwanakijiji atumie pima ya Mkulima, na ile ya Mchimbaji ikunjwe isionekane. Mgongano umekwisha na kila mtu ameridhika. Kisha mwalimu aamuru "Uza!" Njia hii imo kwa Mchimbaji peke yake, kwa hiyo haina mgongano wowote. Lakini kadi yake inasema: pima, zidisha kwa bei ya gramu moja, pokea fedha. Mwanafunzi ataita pima, na iliyobaki ni ya pamba. Sifuri mara bei yoyote ni sifuri. Hesabu imefanywa sawasawa, hakuna onyo lililotolewa, na mchimbaji anaondoka mikono mitupu.

Dawa ni kuipa kila njia jina lake, yaani pima pamba na pima dhahabu, na kuirekebisha kadi ya uza iite pima dhahabu. Kubadili majina tu bila kuigusa kadi ya uza hakusaidii kitu. Suluhisho jingine ni Mwanakijiji kuwa na pima yake mwenyewe, inayouliza kwanza kinachopimwa ni nini.

Majaribio basi yawe haya. Kila dhima ijaribiwe peke yake. Muungano usiosuluhishwa ujaribiwe ili kuona kwamba unakataliwa. Jaribio hili hufaulu pale programu inapogoma, jambo linalowashangaza wanafunzi, lakini hata mlinzi wa ghala hujaribiwa kwa mtu asiye na kibali. Mpangilio ugeuzwe. Na baada ya kusuluhisha, njia zote zilizobaki ziitwe tena, hasa zile zisizokuwa na mgongano. Tarakimu za kujaribia zichaguliwe kwa uangalifu: mizani tupu husoma sifuri kwa njia zote mbili, hivyo haifichui lolote, lakini gramu 12 hutoa majibu mawili tofauti.

Vipindi viwili vya dakika 40 vyatosha. Kwa kazi ya nyumbani, wanafunzi waandike kadi za mtoto aliye mwanafunzi na pia mjukuu, kila kadi ikiwa na njia ya salimia. Shuleni husimama na kusema "Shikamoo, mwalimu". Nyumbani asubuhi humwambia bibi "Mwangaluka". Kisha waeleze itakuwaje bibi akija shuleni.