Safari ya wawili porini: Mmoja akiugua, nani atashika usukani?

Kiangazi kimeingia, barabara za porini zimekauka, na wiki hizi nimepata wagonjwa ambao hawaumwi chochote. Wanataka kwenda kulala kwenye hema hifadhini, na wanauliza wabebe dawa gani. Nafurahi, maana kwa miaka mingi wengi wetu tumeziona hifadhi zetu kwenye kalenda za ukutani tu.

Wa karibuni walikuwa mume na mke. Mume ana miaka 58 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Mke ana miaka 52, hana tatizo isipokuwa magoti. Watoto wamekua na kuondoka nyumbani, nao wamepanga kwenda Katavi kwa siku sita, wawili tu, na gari lao. Waliniletea orodha ya vifaa iliyopangwa vizuri kweli: hema, jeki, beleshi, tairi mbili za akiba, kamba ya kuvutia gari, madumu ya dizeli. Kwenye afya palikuwa na neno moja: Panadol.

Nilimuuliza mzee, "Ukianguka wewe huko ndani, mama atawatoaje?" Wakatazamana. Mama anaendesha gari dogo la otomatiki mjini. Gari la safari ni la gia, na hajawahi kulikalia upande wa usukani.

Hapo ndipo ilipo hatari ya safari ya watu wawili. Mkiwa magari mawili au watu watano, mmoja akiugua wapo wa kumshika, wa kuendesha na wa kutafuta msaada. Mkiwa wawili, yule mzima ndiye dereva, muuguzi na mjumbe kwa wakati mmoja. Kama kazi mojawapo kati ya hizo haiwezi, mgonjwa atasubiri gari lingine lipite, na Katavi gari lingine linaweza kupita kesho. Hifadhi ile ina kilomita za mraba 4,471 na wageni wake ni wachache sana ukilinganisha na Serengeti. Makao yake yako Sitalike, chini ya kilomita 40 kutoka Mpanda mjini, lakini ukishaingia ndani, simu yako inaweza kubaki kuwa tochi na saa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza haukuwa dawa. Nilimwambia mama atafute barabara ya vumbi karibu na nyumbani, aendeshe gari lile jumamosi tatu: alitoe kwenye mchanga, aweke gia nzito, apunguze upepo wa tairi na kuujaza tena, aendeshe mzee akiwa amelala kiti cha nyuma. Mzee alicheka. Mama hakucheka.

Kila mmoja ajue pia mwili wa mwenzake. Inashangaza ni wanandoa wangapi, hata wa miaka 30, ambao mmoja hajui mwenzake anatumia dawa gani. Andikeni kwenye karatasi mbili: majina ya dawa na vipimo vyake, dawa gani inamdhuru, kundi la damu kama mnalijua, namba ya daktari na ya ndugu mmoja nyumbani. Karatasi moja ikae kwenye gari, nyingine mfukoni. Dawa za kila siku bebeni za siku mara mbili ya zile mlizopanga, na mzigawe kwenye mifuko miwili. Mfuko mmoja ukilowa au ukiibwa na nyani (wanaiba kweli), mwingine utabaki.

Kwa mwenye shinikizo la damu kuna jambo ambalo watu huona haya kuliuliza. Baadhi ya dawa hizo huongeza mkojo. Ukizimeza jioni, utaamka usiku mara mbili au tatu, na usiku ndio wakati viboko hutoka majini kwenda kula majani. Mweleze daktari wako ratiba ya safari mapema. Mara nyingi dawa ya namna hiyo inaweza kumezwa asubuhi. Wanaume wenye tezi dume iliyokua nao wana shida hiyo hiyo. Bebeni ndoo yenye mfuniko, ikae ndani ya hema. Najua si jambo la kupendeza, lakini kufungua zipu ya hema saa nane usiku na kukuta mnyama wa tani moja na nusu mlangoni kunapendeza kidogo zaidi ya hapo? Dawa hizo hizo, zikichanganyika na jua na maji kidogo, huleta kizunguzungu unaposimama. Usiziache kwa uamuzi wako. Kunywa maji, na usimame polepole.

Maji niliwapigia hesabu. Lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, ni lita 10 kwa wawili. Siku sita ni lita 60, na siku tatu za akiba zinafikisha 90. Yawekeni kwenye madumu matano ya lita 20, msiyaweke kwenye pipa moja, kwa sababu pipa likipasuka mmebaki na kiu. Maji ya mto au ya ziwa msiyategemee: mwishoni mwa kiangazi mabwawa ya Mto Katuma hujaa viboko waliobanana kwenye matope, na kuchota tu ni kujitia mdomoni mwa mamba. Mkilazimika, ya kuchota bombani kijijini yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja, au tumieni vidonge vya klorini kama maelezo yanavyosema. Pakiti za ORS bebeni kumi. Zikiisha, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwenye lita moja ya maji salama vinafanya kazi hiyo.

Sasa, watu hunijia wakiogopa simba na nyoka. Mimi naogopa zaidi gari lenyewe. Fungeni mikanda hata kwenye njia ya porini, msiendeshe baada ya jua kuzama, na vitu vizito nyuma vifungwe kamba, maana jeki ikiruka gari linapopinduka inaua kama risasi. Jeraha likitoka damu nyingi, bonyeza juu yake kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote, bila kuinua kuchungulia kila dakika.

Kitu cha pili ninachokiogopa ni jiko la mkaa. Usiku wa Juni na Julai kuna baridi, na mtu huona ni busara kuingiza jiko lililobaki na makaa kidogo ndani ya hema. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala haikoholeshi. Mnalala wawili, na hakuna wa kumwamsha mwenzake. Jiko libaki nje, sikuzote, hata kama linaonekana limezimika. Baridi ni kazi ya blanketi.

Nyoka nao wapo: kifutu anayelala njiani bila kujisogeza, koboko, fira. Vaeni viatu vinavyofunika kifundo cha mguu na mtumie tochi usiku. Mtu akiumwa, avue pete na saa, alale atulie, mguu au mkono ufungwe kwa ubao usicheze kama uliovunjika, na muandike saa aliyoumwa. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, msipake chochote. Wengine huniuliza kama wanunue dawa ya sumu ya nyoka wabebe. Hapana. Dawa hiyo yenyewe inaweza kuleta mzio wa kuua dakika chache baada ya kuchomwa, na inatakiwa itolewe mahali penye watu na vifaa vya kuudhibiti. Badala yake, kabla ya kuondoka pigeni simu hospitali kubwa iliyo karibu na hifadhi, muulize kama wanayo wiki hiyo. Aliyeumwa haendeshi gari. Tumerudi kule kule kwa mama na usukani.

Msaada wa ndege upo. AMREF Flying Doctors, walioanza mwaka 1957, huchukua wagonjwa maeneo ya mbali, na bima ya huduma hiyo inanunuliwa kabla ya safari. Lakini viwanja vidogo vya hifadhini havina taa, kwa hiyo mgonjwa wa saa mbili usiku ni wenu hadi kunapambazuka. Na lazima mtu aweze kuwaita. Kama mna uwezo, azimeni au kodini kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti, na wote wawili mjaribu kukitumia mkiwa bado nyumbani. Muachie ndugu mmoja njia mtakayopita, namba ya gari, simu ya lango la hifadhi, na siku na saa ambayo akiwa hajawasikia atapiga simu hiyo. Askari wa hifadhi nao wajue mnalala kambi ipi.

Malaria ina dawa, na mseto wa ALu unaweza kubebwa kwa ushauri wa daktari pamoja na vipimo vya haraka. Wanaoishi maeneo ya baridi yasiyo na malaria, au ndugu wanaokuja kutoka Ulaya, waulize kuhusu dawa ya kinga.

Mbung'o hawana dawa ya kinga. Hufuata gari linalotembea na huvutiwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi; ndiyo maana mitego iliyotundikwa kando ya barabara za hifadhi ni ya vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki au kahawia hafifu, kitambaa kizito, na mfunge madirisha. Mbung'o wachache huwa na vimelea vya malale, ambavyo kwa aina inayopatikana upande wetu huweza kuonyesha dalili ndani ya wiki moja hadi tatu: homa, kichwa kuuma, pengine uvimbe mgumu wenye maumivu pale ulipoumwa. Ukipata homa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa wapi hata asipouliza, na uombe damu isomwe kwa hadubini. Kipimo cha haraka cha malaria hakivioni vimelea hivyo.