Karani wa Parokia Anapostaafu: Tunamshukuru kwa Lipi, na kwa Namna Gani?



Wapendwa wasomaji, katika parokia za nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kitanga na Kasulu hadi Kibondo, tunajua kumuaga mtu. Siku ya misa ya shukrani jumuiya ndogo ndogo hujipanga na vipaji: mkungu wa ndizi, debe la maharage, kuku, pengine na mbuzi. WAWATA humvisha mama kitenge, kwaya huimba, mwenyekiti wa halmashauri ya walei husoma risala, bahasha hutolewa na vigelegele hupigwa. Jumatatu inayofuata, mlango wa ofisi ya parokia hufunguliwa na mtu mwingine.

Hayo yote ni mema, wala hatusemi yaachwe. Lakini tukiulizwa karani huyo alifanya kazi gani hasa kwa miaka yote hiyo, wengi wetu tutajibu tu kwamba alikuwa mpole na alitupokea vizuri. Katika makala hii tunaeleza mambo mawili: kazi yake ina uzito gani mbele ya Kanisa, na sisi tunadaiwa nini anapofikia umri wa kupumzika.

Vitabu vilivyo mikononi mwake

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kanisa nalo linajua hilo. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inaagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu, pamoja na vingine vinavyoagizwa na Baraza la Maaskofu au na askofu wa jimbo. Desturi hii si ya jana. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kutunza kitabu cha ndoa na kuandika majina ya wasimamizi wa ubatizo. Mwenye wajibu ni paroko, lakini mkono unaoandika mara nyingi ni wa karani. Paroko huhamishwa baada ya miaka michache, karani hubaki.

Kitabu cha ubatizo ndicho mama wa vingine vyote. Pembeni mwa jina la mbatizwa huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu au nadhiri za daima. Mtu aliyebatizwa katika parokia ya Kasulu akifunga ndoa Mwanza, paroko wa kule anapaswa kuiarifu parokia alikobatizwa, kadiri ya kanuni ya 1122. Hapo karani hufungua kitabu, hutafuta jina na kuandika ndoa hiyo pembeni.

Ni mstari mmoja tu. Lakini barua ile ikisahaulika katika droo, kitabu kitaendelea kuonyesha kwamba mtu huyo hajafunga ndoa. Kesho akiomba cheti ili afunge ndoa nyingine mahali asikojulikana, cheti kitatoka safi. Watakaoumia ni mke wa kwanza, mke wa pili na watoto wa pande zote mbili. Kwa hiyo karani mwaminifu hulinda familia ambazo pengine hajawahi kuziona.

Ugumu wa kwetu

Katika maeneo yetu kazi hii ina ugumu wake. Kwa Waha, pacha mkubwa huitwa Bukuru na mdogo huitwa Butoyi. Fikiri basi idadi ya akina Bukuru na Butoyi katika kitabu kimoja! Jina lilelile la Kiha pengine limeandikwa kwa herufi r na padre mmoja, na kwa herufi l na katekista mwingine. Karani mzoefu hatazami jina peke yake. Huuliza: mama yako nani, msimamizi wako nani, mlisali kigango gani?

Vigango vyenyewe vimebadilika. Miaka ya 1970 watu wengi wa Kigoma walihamishiwa vijiji vya ujamaa, kwa hiyo makazi yanayotajwa katika ukurasa wa zamani huenda leo ni pori. Mwaka 2012 Kakonko ilitengwa na Kibondo, na Buhigwe ikatengwa na Kasulu. Parokia mpya nazo zimezaliwa kutoka zile za zamani. Mzee aliyebatizwa katika parokia mama haonekani katika vitabu vya parokia mpya, hata kama nyumba yake haijahama hata hatua moja.

Tena mkoa wetu umepokea wakimbizi kwa vipindi vingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, kambi za Nduta na Mtendeli zilipokea maelfu ya Warundi. Walioishi kambini walibatiza watoto na kufunga ndoa huko huko, na wengine wamekwisha kurudi kwao. Mtu aliyepoteza nyumba na karatasi zake zote bado ana haki ya kujua kwamba jina lake limeandikwa mahali na Kanisa linamfahamu.

Sisi waseminari tunamdai nini, naye anatudai nini?

Hapa tunajisema wenyewe. Hakuna hata mmoja wetu anayepaswa kupokelewa seminari kuu bila hati ya ubatizo na kipaimara. Kanuni ya 241 inadai hivyo. Kabla ya daraja hati hizo hudaiwa tena. Na baada ya upadrisho taarifa hupelekwa parokia tulikobatizwa, ili upadre wetu uandikwe pembeni mwa jina tulilopewa tukiwa wachanga. Siku tutakapopakwa mafuta matakatifu mikononi, watu watatupigia picha. Siku chache baadaye karani atachukua kalamu na kuukamilisha ukurasa wetu, wala hakuna atakayempiga picha.

Maandiko Matakatifu hayakuwasahau watu wa namna hii. Baruku aliyaandika maneno ya nabii Yeremia, na mfalme alipolichoma gombo motoni, akayaandika upya. Waraka kwa Warumi ni wa Mtume Paulo, lakini katika sura ya 16 mwandishi wake, Tertio, anajitaja kwa jina na kuwasalimu wasomaji. Paulo hakuona vibaya msaidizi wake afahamike.

Haki kwanza, zawadi baadaye

Sasa tuseme jambo ambalo mara nyingi hatulisemi siku ya sherehe. Mbuzi ataliwa na kitenge kitachakaa. Je, mwezi wa pili baada ya kustaafu, karani wetu atakula nini?

Kanuni ya 231 inasema walei wanaolitumikia Kanisa kwa kudumu wana haki ya malipo yanayolingana na hali yao, na ya kuwekewa bima na hifadhi ya jamii. Kanuni ya 1286 inawadai wasimamizi wa mali ya Kanisa wafuate sheria za kazi za nchi. Kwetu Tanzania, mwajiriwa wa parokia anapaswa kuandikishwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haiwezi kuzidi asilimia 10. Inayobaki ni ya mwajiri. Kustaafu kwa hiari huanza miaka 55, na kwa lazima ni miaka 60. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi inampasa awe amechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15.

Tuzipige hesabu hizo taratibu. Karani aliyeanza kazi akiwa na miaka 30 na kustaafu akiwa na 60 ametumikia miezi 360. Akichangiwa nusu tu ya muda huo, anafikia kiwango cha pensheni. Asipochangiwa kabisa, miaka yake 30 inaishia kwenye bahasha ya siku moja. Hapo risala yetu, hata iwe tamu namna gani, inakuwa shukrani ya punda.

Tunajua parokia nyingi za vijijini hutegemea zaka na mavuno, na mvua ikikosekana kapu nalo hupungua. Lakini mchango mdogo wa kila mwezi hubebeka. Deni la miaka 30 halibebeki. Kwa hiyo kamati ya fedha isingoje mwaka wa kuaga. Kila mwaka iulize: mkataba wa maandishi upo? Michango imepelekwa? Mfanyakazi mwenyewe ameiona taarifa yake? Na siku ya mwisho apewe hati ya utumishi, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka.

Kukabidhi vizuri ni sehemu ya heshima

Karani anaondoka na mengi kichwani: kitabu kipi kilinyeshewa, ukurasa upi ulirukwa namba, ni Butoyi yupi aliyehamia Uvinza. Tukimwacha aondoke bila kukaa na mrithi wake, tunajipotezea hazina na kuonyesha kwamba hatukuithamini. Tunashauri wafanye kazi pamoja walau kwa miezi miwili au mitatu. Vitabu vihesabiwe kimoja kimoja, barua za taarifa ambazo hazijaandikwa zimalizwe, muhuri wa parokia na funguo za kabati la nyaraka vikabidhiwe mbele ya paroko, na pande zote zitie sahihi. Mrithi afundishwe pia kutunza siri, maana anayesoma vitabu hivyo huyajua ya nyumba nyingi.

Siku yenyewe

Hayo yakishafanyika, tusherehekee kwa moyo mweupe. Katika mahubiri waamini waelezwe kazi yake kwa mifano, ili watoto nao wajue kwamba kuandika kwa uaminifu ni kulitumikia Kanisa. Katika maandamano ya vipaji, kitabu cha ubatizo kinaweza kuletwa mbele na kuwekwa mahali pa heshima. Mume au mke na watoto wake nao washukuriwe, kwa sababu walimkosa nyumbani kila msimu wa kipaimara na ndoa. Na askofu akiona vyema anaweza kumwombea nishani ya Baba Mtakatifu, kama ule Msalaba wa Pro Ecclesia et Pontifice uliowekwa na Papa Leo XIII mwaka 1888, ambao hutolewa pia kwa walei.

Ndugu zetu waseminari, Mungu akipenda, wengi wetu tutakuwa maparoko. Siku ya kwanza ofisini tutamkuta mtu ameketi nyuma ya meza, anayeijua parokia kuliko sisi. Tumwamkie kwa heshima, tujifunze kwake, kisha tuangalie kama michango yake imepelekwa. Tukifanya hivyo mapema, siku ya kumuaga tutaweza kumtazama machoni bila aibu.

Nanyi waamini, mkipita ofisini wiki hii kuchukua cheti, msiishie kuuliza kama kiko tayari. Mwambieni aliyekiandika: asante.