Kutoka Hiari Hadi Amri: Watu, Sheria na Matukio ya Operesheni Vijiji Hapa Dodoma



Ndugu msomaji, mwulize kijana aliyemaliza kidato cha nne kuhusu historia ya Marekani. Atakutajia Abraham Lincoln, tangazo lake la mwaka 1863 la kuwaweka huru watumwa, na Marekebisho ya 13 ya Katiba ya mwaka 1865. Kisha mwulize kwa nini kijiji chake cha Bahi au Kongwa kipo pale kilipo, kwa nini nyumba zimepangwa kwa mistari, na kwa nini shamba la babu yake liko mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani. Hapo kigugumizi kinaanza. Ya Washington tunayajua, ya Ugogo tunayasikia kwa wazee, na wazee wenyewe wanapungua.

Makala hii inapitia watu, sheria na matukio yaliyozaa vijiji vyetu vya leo. Ni habari ya kihistoria, lakini inatugusa sasa kwa sababu mbili. Kwanza, migogoro mingi ya mipaka inayoletwa mbele ya mabaraza ya vijiji, na hata mbele ya maparoko, ina mizizi katika miaka hiyo. Pili, mtu aliye katikati ya habari hii, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ni Mtumishi wa Mungu tangu mwaka 2005, na jimbo la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wake. Anayemwombea atangazwe mwenyeheri inampasa kujua pia sura hii ya maisha yake.

Ugogo kabla ya mistari

Mgogo wa zamani aliishi katika tembe, nyumba ndefu yenye paa la bapa la miti na udongo, iliyozunguka uwanja ambamo ng'ombe walilala. Kaya moja ilikuwa mbali na nyingine. Wageni wengi, wa Kizungu na hata wa kwetu, waliona hali hiyo kama ubishi au ukosefu wa ustaarabu. Lakini ilikuwa na hesabu yake. Mvua ya nyanda hizi ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, tena ni ya kubahatisha: inanyesha upande huu wa kilima na kuuruka ule. Mwenye mifugo na shamba la uwele anahitaji nafasi, na anahitaji uhuru wa kuhama mvua ikimkataa. Kutawanyika kulikuwa akiba.

Hata hivyo akiba hiyo haikutosha siku zote. Wazee bado wanalitaja jina Mtunya, njaa kubwa iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, majeshi yalipokwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua nayo ikakataa. Kwa hiyo swali la namna ya kuiokoa Dodoma na njaa halikubuniwa na wanasiasa ofisini. Lilikuwapo.

Pia haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa mbali kuipangia ardhi hii mambo makubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale Kongwa Mpango wa Karanga. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa, na fedha zilizoteketea zilifikia takriban pauni milioni 36. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, jambo ambalo mkulima yeyote wa pale angewaeleza bure.

Mwalimu na neno hiari

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwezi uliofuata Papa Paulo VI alitoa waraka wa Populorum Progressio kuhusu maendeleo ya watu, na wasomaji wengi Wakatoliki waliona maandiko hayo mawili yanazungumza lugha moja. Septemba mwaka huohuo Mwalimu aliandika kijitabu cha Ujamaa Vijijini, na Oktoba 1968 akaandika Uhuru na Maendeleo. Katika maandishi hayo msimamo wake ni mmoja na hauna kona: mtu haendelezwi kama mzigo unaosukumwa, bali anajiendeleza mwenyewe kwa anayoyaelewa na kuyaamua, na kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa kulazimisha watu. Mimi nimesoma falsafa miaka kadhaa sasa, na sijaona sehemu nyingi ambapo hoja ya uhuru wa binadamu imewekwa wazi kama pale.

Tena mfano hai ulikuwapo. Kule Ruvuma, vijiji kama Litowa vilikuwa vimejiunga kwa hiari katika chama chao cha maendeleo, wakiamua mambo yao katika mikutano na kuendesha shule yao wenyewe. Mwalimu alivipenda na kuvisifu. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, mali zake zikachukuliwa. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba wanavijiji waliojiamulia mambo hawakumhitaji sana ofisa wa chama. Tukio hili hutajwa kwa nadra katika vitabu vya shule, nami nadhani ndilo lililoamua yaliyofuata kuliko hotuba zote. Baada ya hapo kijiji kilikuwa kitu cha kuundwa kutoka juu.

Operesheni Dodoma

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya ukame na njaa kuukumba mkoa wetu, ilianza Operesheni Dodoma. Rufiji ilikuwa imetangulia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu ya mafuriko, lakini kuuhamisha mkoa mzima kulianzia kwetu. Mwalimu mwenyewe alikuja, akakaa Chamwino, akashika kazi za mikono pamoja na wanakijiji. Hakuwa kiongozi wa kuagiza kutoka kwenye kiti.

Tatizo ni kwamba operesheni ni neno la kijeshi, na kazi ilifanywa hivyohivyo. Ofisa alipimwa kwa idadi ya kaya alizohamisha. Malori yalikuja, watu wakapakia vyombo, wakashushwa mahali palipochaguliwa kwa kufuata barabara, si kwa kufuata maji wala udongo. Katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umewakataza viongozi kiburi na ubabe, ila Mwongozo ulikuwa karatasi na lori lilikuwa lori.

Jirani zetu wa Isimani, kwenye barabara ya kwenda Iringa, waliona upande mwingine wa jambo hilo. Siku ya Noeli ya mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alimkuta mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake. Walibishana, na Mwamwindi akampiga risasi akafa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa, na hukumu ikatekelezwa. Damu ya watu wawili, na ardhi ileile ikabaki pale.

Septemba 1973 mkutano wa TANU uliofanyika Mwanza uliazimia kwamba wakazi wote wa vijijini wawe katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo ikaamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwezi uliofuata Rais akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu Uhuru na Maendeleo.

Kufikia mwaka 1977 watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Si wote waliohama, maana maeneo kama Kilimanjaro na Bukoba watu walikuwa tayari wamebanana na makazi yao yalipewa tu jina la kijiji. Lakini waliohamishwa nchini ni mamilioni.

Sheria zilikuja nyuma ya lori

Hapa ndipo somo la falsafa ya sheria linapokuwa na kazi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba sheria ni agizo la akili, kwa ajili ya manufaa ya wote, linalotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya, na kutangazwa. Vitu vinne. Tuvitumie kama mzani.

Sheria Na. 14 ya mwaka 1973 ilimpa Rais mamlaka ya kutangaza eneo kuwa la mpango maalumu na kuruhusu kanuni za kufuta haki za watu juu ya ardhi humo. Sheria Na. 21 ya mwaka 1975 ikaweka utaratibu wa kuandikisha vijiji, halmashauri zake na mikutano yake mikuu. Ukitazama tarehe utaona jambo la ajabu: wengi wa Wagogo walikuwa wamekwisha kuhamishwa kabla ya sheria hizo zote mbili. Walihama kwa tamko la chama na neno la ofisa. Nia ya manufaa ya wote ilikuwapo, sina shaka nayo, na mwenye dhamana alikuwapo. Kilichokosekana ni akili ya mahali penyewe, yaani kumsikiliza anayejua mvua inanyesha wapi, na tangazo la sheria lililotangulia tendo. Kwa mzani wa Tomaso, amri ya 1973 ni pungufu, na tusione haya kusema hivyo kwa sababu tunampenda aliyeitoa.

Mazuri yalikuwapo, nayo ni mengi. Shule iliweza kujengwa mahali ambapo watoto wamekusanyika, na mwaka 1977 ukaanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Zahanati na visima vilifuata. Vigango vyetu vingi vilipata makao ya kudumu wakati huo. Katekista aliyekuwa akizunguka kaya moja moja sasa aliweza kuwakusanya waumini kwa kengele moja. Kanisa la mkoa huu, lililokuwa chini ya Askofu Mathias Isuja tangu mwaka 1972, lilikua ndani ya ramani hiyo mpya. Mwalimu naye alikuwa amelidai Kanisa jambo: Oktoba 1970, akiwa kwa Masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki mapambano dhidi ya mifumo inayowafanya watu maskini, litakosa maana kwao.

Upande wa pili, mashamba yalikuwa mbali, kuni ziliisha karibu na makazi, na ng'ombe waliorundikwa mahali pamoja walimaliza majani. Ukame wa 1973 na 1974 ulizikuta kaya nyingi nchini zikiwa safarini badala ya shambani, na serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Si haki kuulaumu uhamiaji peke yake, wala si kweli kuusafisha kabisa.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu alisema hadharani kwamba nchi haikuwa bado ya kijamaa wala haijajitegemea. Wapo wanaoona habari za vijiji ni kikwazo katika mchakato wake. Sioni hivyo. Kanisa likichunguza maisha ya mtu linatafuta fadhila za kishujaa, si mafanikio ya sera. Lakini wachunguzi watauliza kuhusu busara na haki, ambazo nazo ni fadhila, na jibu lenye ukweli wote litamfaa kuliko sifa tupu.

Mahakamani, na kwenye kiwanja cha kigango

Walionyang'anywa mashamba walianza kwenda mahakamani miaka ya 1980, na baadhi walishinda. Serikali ikaogopa kwamba vijiji vingi vingesambaratika, na mwaka 1992 Bunge likapitisha Sheria Na. 22 iliyofuta madai hayo, ikanyima fidia na kuzuia kesi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na vifungu vilivyonyima fidia na kuziba mlango wa mahakama vikabatilishwa.

Ndipo ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kifungu chake cha 15 kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 kutokana na uhamiaji huo. Kwa maneno mepesi: aliyegawiwa shamba wakati wa Operesheni ndiye mwenyewe, na anayesema "hapa palikuwa pa babu yangu kabla ya 1970" kwa kawaida hana dai tena. Mjukuu ataona hilo ni chungu. Lakini kumfukuza aliyelima pale miaka hamsini kungekuwa operesheni nyingine.

Kwa maparokia jambo hili lina upande wa vitendo. Viwanja vingi vya vigango vilitolewa kwa neno la mwenyekiti wa kijiji, bila karatasi. Sheria ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Basi kamati ya kigango itafute muhtasari wa mkutano huo wakati wazee waliokuwapo bado wako hai, kisha iombe hatimiliki ya kimila. Kwa vigango vilivyomezwa na Jiji la Dodoma hali ni tofauti: vijiji vyao vimekuwa mitaa, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa mwaka 2017, na sasa jalada la kiwanja linatafutwa katika ofisi ya ardhi ya jiji.