Moyo uliokakamaa haulainishwi na dawa ya chupa

Maswali yanayotoka Mpanda, Inyonga na Karema yanafanana. Mzee wa presha kaambiwa moyo wake umekakamaa. Mama kajifungua, wiki chache baadaye miguu imevimba na halali bila kuegemea mito. Kisha linakuja lile lile: kuna mtu anauza dawa ya kulainisha moyo, tumpe? Msimpe.

Sehemu kubwa ya ugumu huo inatokana na titini, protini kubwa kuliko zote mwilini, mnyororo wa asidi amino zaidi ya 34,000. Moyo unapojaa damu, titini huvutika kama mpira wa manati, na mvutiko huo unachangia kuamua damu iingie kiasi gani kabla ya pigo linalofuata. Kuna titini za aina mbili: ndefu laini na fupi ngumu. Mtoto akiwa tumboni moyo wake hutumia zaidi ile ndefu; akishazaliwa, jeni ile ile inaanza kutoa zaidi ile fupi. Na si hivyo tu. Ukikimbia, adrenalini hufanya vimeng'enya vibandike fosfeti kwenye titini, inalegea, moyo unajaa upesi. Presha ya miaka mingi huvuruga ubandikaji huo na kuongeza makovu ya kolajeni. Kwenye skrini ya ECHO, kipimo cha ultrasaundi ya moyo, utaona moyo unaominya vizuri kabisa, ila zamu ya kupumzika ikifika ukuta haufunguki. Damu inarudi mapafuni, pumzi inakatika. Ndiyo maana "moyo wangu unapiga kwa nguvu" si ushahidi wa uzima.

Na yule mama aliyevimba miguu baada ya kujifungua hajalogwa. Utafiti wa kimataifa wa 2016 uliwapima wanawake 172 waliopata udhaifu wa moyo karibu na kujifungua. Takriban mmoja kati ya kumi alikuwa na jeni ya titini iliyokatika. Mganga anayemweka ndani kumtoa jini anamnyima muda wa kutibiwa.

Muhimbili, utafiti uliochapishwa 2014 kwa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi ulikuta presha ndiyo chanzo kwa asilimia 45. Kwa hiyo pima presha, hata zahanati ya kijijini. Usiache vidonge kwa sababu umejisikia nafuu. Punguza chumvi, samaki wa chumvi wakiwemo. Mzazi anayekosa pumzi akilala apelekwe hospitali leo, siyo baada ya arobaini.